Iowa wanalipwa, barabara ya Kasenga je?

"Papa Agronomi, jambo sana. Mimi ni mama mlimaji, niko na hektari 3 upande wa barabara ya Kasenga, hapa Lubumbashi, Kongo. Nalima mahindi, maharagi na nyanya kidogo. Mtoto wa kaka yangu anaishi Marekani, katika jimbo la Iowa. Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya orodha: majina ya wakulima wa kaunti moja na pesa serikali iliyowalipa, wengine dola elfu 1, wengine elfu 60. Anasema hata asiyelima analipwa. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja mwenye jile (kizibao) ya njano alifika kijijini kwetu, akasema serikali imeleta subvansio (ruzuku) ya walimaji, kila mtu atoe dola 20 za dosie na kopi ya karatasi ya shamba. Kopi nilitoa, pesa bado. Tena kuna mfanyabiashara anataka kunikopesha mifuko 4 ya angre (mbolea), mwezi wa tano nimrudishie mifuko 8 ya mahindi ya kilo 100. Ile ya Marekani ni kweli? Ya kwetu ni kweli? Nilipe zile dola 20, ama nichukue angre?"

Jambo Mama. Nitaanzia mwisho, maana kijana wa jile anaweza kurudi kesho asubuhi: zile dola 20 usitoe. Kuhusu kopi uliyokwisha kutoa, kuna la kufanya wiki hii hii, nitalieleza. Na angre ya mfanyabiashara usiipokee kabla hatujakaa na kalamu. Mimi nimeshapiga hesabu yake na haikunifurahisha.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na naona chini ya maswali hayo kuna swali moja linalokuuma zaidi. Mahindi ni mahindi. Anayelima Iowa na anayelima barabara ya Kasenga wote wanatazama mawingu, wote wanaogopa bei ya soko. Sasa kwa nini mwenzako ana serikali mgongoni, na wewe mgongoni una mtoto na jembe? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Orodha za namna ile aliyokutumia mtoto wa kaka yako zipo kweli. Marekani, malipo ya ruzuku ni habari ya wazi: unatafuta kaunti, unaona jina la aliyepokea, mwaka na kiasi. Kuna shirika la kiraia, Environmental Working Group, lililokusanya malipo hayo tangu mwaka 1995 na kuyaanika kwa kila mtu. Kaunti ifananishe na teritwari yetu, ila ndogo zaidi. Iowa, yenye watu milioni 3 na kitu, imegawanywa kaunti 99. Mkulima wa pale ana ofisi ya wizara ya kilimo inayohudumia kaunti yake, na kando ya ofisi iko kamati ya wakulima waliochaguliwa kwa kura na wakulima wenzao. Kila mwaka, kabla ya katikati ya mwezi wa saba, anakwenda kueleza amepanda nini, wapi na ekari ngapi. Shamba lake lina namba na lina ramani. Mambo haya mawili, namba na ramani, yashike. Tutayahitaji tukifika kwa yule kijana wa jile.

Mpango huu ulizaliwa na njaa ya wakulima wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ilikuwa imeanguka hadi watu wengine wa kule wakachoma mahindi jikoni badala ya makaa, kwa kuwa makaa yalikuwa ghali kuliko mahindi. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ikaleta sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze kilimo. Waziri wa kilimo alikuwa Henry Wallace, mzaliwa wa Iowa. Pamba iliyokwisha kuota ikafukiwa kwa jembe, nguruwe wachanga wapatao milioni 6 wakachinjwa, yote ili bei ipande, na hapo watu mijini wanapanga mstari wa mkate. Unaweza kufikiri hasira iliyozuka. Mwaka 1936 Mahakama Kuu ikaiangusha sheria hiyo, na mwaka 1938 ikaja nyingine. Neno la "wanalipwa wasilime" lina mizizi pale.

Leo neno hilo lina ukweli nusu. Tangu 1985 kuna programu ambayo serikali inakodi ardhi dhaifu, ya mteremko ama ya kando ya mto, kwa miaka 10 hadi 15. Mwenye shamba anaacha majani yaishike ardhi, naye anapokea kodi. Hapo serikali inanunua kitu: udongo usiende na maji. Kulikuwa pia na malipo mengine, yaliyoanza 1996, ambayo mwenye ekari zilizoandikishwa aliyapata bei ikiwa juu ama chini, amepanda ama hakupanda. Hayo yalikuwa ya aibu, na sheria ya 2014 iliyafuta.

Malipo ya sasa ya mahindi yanakwenda kama mizani, na kwa maneno mepesi ni hivi. Sheria inataja bei ya kulinganishia. Kuanzia sheria ya 2014 ilikuwa dola 3.70 kwa busheli moja, na busheli ya mahindi ni kilo 25 na kidogo. Sheria ya 2025 imeipandisha hadi 4.10. Bei ya wastani ya msimu ikishuka chini ya hapo, serikali inajaza pengo. Ikikaa juu, mkulima hapati kitu. Mavuno ya 2019 yaliuzwa kwa wastani wa dola 3.56, kwa hiyo pengo lilikuwa senti 14. Chukua mtu mwenye ekari 100, karibu hektari 40, na kwenye dosie yake imeandikwa mavuno ya busheli 120 kwa ekari. Serikali inahesabu asilimia 85 tu ya ekari hizo. Ekari 85 mara busheli 120 ni 10,200. Mara senti 14, ni dola 1,428.

Sasa dola hizo 1,428 zigawanye kwa hektari 40. Ni dola 35 kwa hektari, na malipo yalianza kutoka mwezi wa kumi 2020, mwaka mzima baada ya kuvuna. Kwa pesa hiyo hapa Lubumbashi hujapata hata angre ya kutosha robo hektari. Yule wa elfu 60 ana mashamba makubwa kuliko huyu, ama orodha ni ya miaka ile ya 2018 na 2019, China ilipoiwekea ushuru soya ya Marekani na serikali ikagawa zaidi ya dola bilioni 20 za dharura. Nyanya zako, kwa taarifa yako, zisingehesabiwa kabisa katika malipo ya mizani. Ni ya mahindi, soya, ngano, pamba, mchele na wenzao wachache.

Nakueleza hivi kwa sababu watu wengi wanafikiri utajiri wa mkulima wa Iowa unatoka katika hundi ya serikali. Kwa sehemu ni kweli, lakini tazama kitu kingine. Yeye anavuna karibu busheli 200 kwa ekari, ambayo ni tani 12 na nusu kwa hektari. Wastani wa Kongo ni kama kilo 800. Ana ghala la kungojea bei. Benki inamkopesha kabla ya mvua, na inamkopesha kwa sababu ana bima ya mavuno, na kwa wastani serikali inalipa karibu asilimia 60 ya gharama ya bima hiyo. Kama ungeniuliza kitu kimoja cha kuiba kule, ningeiba bima, hundi ningewaachia. Tena zaidi ya nusu ya mashamba ya Iowa yamekodishwa, na mwenye ardhi akisikia ruzuku imepanda, anapandisha kodi. Hata kule, pesa iliyoandikiwa mlimaji inajua kupotea njia.

Turudi nyumbani. Si kweli kwamba Kongo haina kitu. Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutia asilimia 10 ya bajeti katika kilimo, na sisi tulikuwemo. Sheria yetu ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011 inasamehe ushuru wa kuingiza mbolea, mbegu na vifaa vya kilimo, na inaunda mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Msamaha wa ushuru ni ruzuku, Mama, hata kama haitwi hivyo. Ila unamfaa anayeingiza lori nzima kwa jina la kampuni na mwenye mtu wa kumshughulikia forodha. Wewe unayenunua mfuko mmoja sokoni, tena wakati mwingine kwa meka, kile kipimo kidogo cha sokoni, huo msamaha hauoni.

Halafu serikali yetu ina tabia yake: inapenda kulima yenyewe kuliko kumsaidia anayelima. Bukanga-Lonzo, mradi mkubwa wa kilimo wa serikali, ilifunguliwa 2014 kwa matrekta na hotuba. Miaka 3 baadaye ilikuwa imesimama, na mwezi wa tano 2025 Mahakama ya Katiba ikamhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Matata Ponyo, katika kesi ya pesa za mradi huo. Kaniama-Kasese, vijana wa Service National, kikosi cha serikali cha kujenga taifa, wanalima mahindi, na mengine yalifika mpaka hapa Lubumbashi wakati unga umekuwa mgumu. Wakati wa gavana wa Katanga, Katumbi, kampuni za madini ziliambiwa kila moja ilime hektari 500. Baadhi ya mipango hii ilitia bukari kwenye sahani za watu, sikatai. Lakini katika yote hiyo, mama mwenye hektari 3 hayumo. Yeye ni mnunuzi wa unga kama wengine.

Na kuna ruzuku moja ambayo inakugusa kila wiki bila wewe kuiona. Kilomita 90 na kitu kutoka Lubumbashi uko mpaka wa Kasumbalesa. Ng'ambo, tangu 2002, serikali ya Zambia inawapa wakulima wadogo mbolea na mbegu kwa bei ya chini: katika miaka ya karibuni mkulima huchangia kwacha 400, sehemu kubwa iliyobaki inalipwa na hazina yao. Wana pia shirika la akiba ya chakula, lililoundwa katika miaka ya 1990, linalonunua mahindi kwa bei iliyotangazwa. Mwaka wa mavuno mazuri, unga wao unavuka mpaka kwa wingi, na wewe unayetaka kuuza gunia lako mwezi wa tano unakuta bei imelala. Mwaka mbaya wanafunga mpaka. Mwanzoni mwa 2024, baada ya ukame, Rais Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Huku kwetu kila mama anakumbuka bei ya unga ilivyokuwa. Kwa hiyo ruzuku ya mahindi unayokula ipo. Imelipwa na serikali nyingine kwa mkulima mwingine, na wewe unaipata upande wa sufuria, unaikosa upande wa shamba. Ndiyo maana mimi siungi mkono wale wanaosema tufunge Kasumbalesa tu ili mlimaji wetu apumue. Mama huyo huyo anayeuza mwezi wa tano, mwezi wa pili anakwenda kununua.

Sasa kijana wa jile. Usinielewe kwamba kila anayedai pesa ni mwizi. Umeona Zambia mkulima anachangia. Mimi natazama pesa inaingia wapi. Ruzuku ya kweli haianzii kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Kwanza mashamba yanaandikishwa: namba, ukubwa, alama za mipaka, mara nyingi kwa simu yenye GPS, na mtu anayepima anakuja mpaka shambani, haishii chini ya mwembe. Kisha majina yanabandikwa mahali watu wote wanaweza kuyasoma na kubisha. Mchango ukiwepo, unalipwa benki ama kwa pesa ya simu inayotoa ujumbe wenye jina la programu, na unapewa risiti. Monitere (bwana shamba) wa eneo lako anajua, msimamizi wa teritwari anajua, shefu amepata barua yenye muhuri. Yule kijana ana kipi katika hivyo? Ana jile. Jile inauzwa sokoni.

Kopi uliyompa inanisumbua kuliko dola 20. Kwa sheria yetu ya 1973 ardhi ni ya Serikali, na wengi wenu mnashikilia mashamba kwa karatasi ya shefu. Kopi peke yake haihamishi shamba. Lakini ninyi mko karibu na mji, lupango (viwanja) zinauzwa mpaka porini, na kopi yenye jina lako inaweza kutengenezewa hadithi. Kwa hiyo wiki hii nenda kwa shefu na majirani wawili ambao nao walitoa. Mwambieni aandike katika daftari lake tarehe, sura ya huyo kijana, namba yake ya simu kama mnayo, na kwamba kopi zilitolewa kwa ajili ya kuandikishwa tu, hakuna aliyeuza wala kukodisha. Maandishi hayo yapigeni picha. Kisha mmoja wenu aende kwenye inspeksheni ya kilimo ya teritwari akaulize kama programu hiyo ipo. Ikiwepo kweli, mtakuwa wa kwanza kujua na hamjapoteza kitu.

Swali moja ambalo hukuliandika: ulitia sahihi ama kidole popote? Hasa kwenye karatasi tupu ama ambayo hukusomewa? Kama ndiyo, hapo mimi na mbolea yangu tunakaa pembeni. Nenda kwa wakili, usingoje. Baraza la mawakili la Lubumbashi lina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Peleka karatasi yako ya asili, usiiache pale, waonyeshe tu.

Tufike kwa angre. Kwa mahindi, kipimo kinachopendekezwa sana hapa kwetu ni kilo 300 za NPK (angre ya nitrojeni, fosforasi na potasi) na kilo 200 za urea kwa hektari, yaani mifuko 10 ya kilo 50. Mifuko 4 haifiki hektari moja: inatosha sehemu 4 katika 10 za hektari. Hapo, bila angre, kwa ule wastani wa kilo 800 kwa hektari, ungevuna kama kilo 320. Kwa angre, mbegu nzuri na kupalilia mara mbili, tuseme unapata kiwango cha tani 3 kwa hektari, basi kipande hicho kitakupa kilo 1,200. Nyongeza iliyoletwa na angre ni kilo 880. Mfanyabiashara anachukua 800. Umebaki na kilo 80 kwa kupanda, kupalilia, kuvuna, kukoboa na kubeba. Mvua ikiwa nzuri sana ukafika kiwango cha tani 4, unabaki na mifuko karibu 5. Mvua ikikatika mwezi wa kwanza, ama viwavi wakaingia, deni halikatiki. Na najua tabia yetu: mifuko 4 itatawanywa hektari 2 nzima ili kila mche uonje. Ukifanya hivyo hata zile kilo 880 hutazifikia.

Sikuambii ukatae kabisa. Mtu anayekukopesha wakati benki haikuangalii anafanya kazi fulani, na anabeba hatari yake. Rudi kwake umwambie utamrudishia mifuko 5 ya mahindi badala ya 8, na iandikwe kwamba mavuno yakiharibika kwa ukame deni linasogezwa msimu ujao bila kuongezeka. Akikataa mifuko 5, uliza bei ya pesa taslimu, ujue kwa mifuko 8 anakula kiasi gani: chukua bei ya gunia mwezi wa tano uliopita mara 8, linganisha na bei ya mifuko 4 ya angre leo. Hesabu hiyo mtoto wako wa shule anaiweza. Na usisahau kwamba gunia la mwezi wa tano na gunia la mwezi wa pili si gunia moja. Yeye ana ghala, atalifungua njaa ikifika.

Halafu kuna jambo ambalo wauza angre hawalipendi. Udongo wetu mwekundu wa Katanga ni mchachu. Fosforasi unayoinunua kwa bei ghali inakamatwa na udongo kabla mizizi haijaifikia, na mlimaji anasema angre ni bandia. Wakati mwingine ni bandia kweli. Mara nyingi ni uchachu. Nimewahi kuona mradi mmoja, sitautaja, uliogawa NPK ya bure kwa vijiji vitatu, tena ikafika mwezi wa pili, mahindi yakiwa yameshatoa ndevu. Watu waliiuza njiani, na mimi sikuwalaumu. Chokaa ya kilimo ndiyo inayotuliza uchachu. Kama chokaa iko mbali, una vile vichuguu vikubwa vinavyotapakaa mashamba yote ya Lubumbashi, ambavyo watu wanavipigia matofali. Udongo wake una kalsiamu nyingi kuliko udongo wa pembeni na uchachu wake ni mdogo. Uvunjwe, utawanywe sehemu ndogo kwanza uone. Ongeza mavi ya kuku, na panda maharagi yako mwaka huu pale yalipokuwa mahindi mwaka jana.

Kuhusu pesa ya umma ambayo walimaji wa upande wenu wanaweza kuidai kwa haki yao, mimi ningetazama madini kabla ya kilimo. Kodeksi ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa mji, komine, sekta ama sheferi ambako mgodi upo, na kampuni itoe pia asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoathirika. Kama kuna mgodi unaogusa ardhi yenu, kuna mahali pesa hiyo inapangiwa matumizi, na kuna wajumbe wanaokaa kwenye kikao. Shule na kliniki zinatajwa kila mara. Sijasikia mara nyingi mtu akisimama kuomba mashine ya kukoboa, ghala, ama lori la chokaa kabla ya mvua. Mama mmoja akiomba ataambiwa angoje. Akina mama 30 wenye ushirika ulioandikishwa, wenye orodha ya mashamba yao iliyopimwa, watapewa angalau tarehe ya kikao. Orodha hiyo mnaweza kuanza kuitengeneza wenyewe, kwa simu, bila dola 20 za mtu. Na siku ruzuku ya kweli itakapofika, wataanzia kwa waliokwisha kuandikwa, kama kule Iowa.

Kabla ya katikati ya mwezi wa 11 lete udongo wako upimwe. Fakulte ya agronomia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ama kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kule Kipopo, watakuelekeza. Chimba sehemu 10 au 12 za shamba, kina cha sentimita 20, epuka kichuguu na mahali ulipochomea takataka. Changanya kwenye beseni safi, chukua kilo moja, ikaukie kivulini, tia katika mfuko wenye jina lako na tarehe. Kama ada ya kupima itakuwa nzito, mwambie mtoto wa kaka yako safari hii atume hiyo badala ya picha.